Eko imetoka safi, sasa mrija wa moyo wa nini?

Swali: "Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 63, ni mkulima wa zabibu Hombolo. Ana presha, na kisukari anacho kwa zaidi ya miaka kumi. Tangu mwaka jana akibeba ndoo za zabibu kutoka shambani hadi barabarani, kifua kinambana katikati. Akisimama dakika chache, kinaachia. Siku hizi kinambana hata akitembea tu kwenda kanisani. Tulimpeleka Dodoma mjini, ECG ikatoka nzuri, eko ikatoka nzuri, tukaambiwa EF ni asilimia 62. Tukamshukuru Mungu. Sasa daktari anataka arudi apitishiwe mrija mkononi mpaka kwenye moyo. Mjomba anasema hiyo ni biashara, maana kuna CT isiyotoboa mtu. Mama naye amesikia kwamba moyo ukishaguswa hauwi tena kama zamani. Tufuate lipi?"

Jibu: Marahaba, mwanangu, na poleni kwa kuuguza. Kilichonishtua katika barua yako hakimo kwenye majibu ya vipimo. Ni yale maneno "hata akitembea tu kwenda kanisani". Maumivu yanayobana katikati ya kifua, yanayoletwa na kazi, yanayoachia ndani ya dakika chache mtu akipumzika: hayo matatu yakikutana kwa mwanamume wa miaka 63 mwenye kisukari na presha, daktari wa moyo huamini kwamba mishipa inayolisha misuli ya moyo imebana, mpaka aonyeshwe vinginevyo. Tunaiita anjaina. Na anjaina iliyokuwa inakuja kwa ndoo mbili za zabibu, ikawa sasa inakuja kwa matembezi ya kawaida, inasonga mbele.

Mtauliza, mbona eko ilikuwa safi?

Waliompima hawakukosea, na mashine haikudanganya. Kumbukeni alivyopimwa: alilazwa kwa ubavu wa kushoto, akapakwa mafuta mazito ya baridi kifuani, mpimaji akasogeza kifaa kati ya mbavu huku akitazama kioo. Kifaa kile hutuma mawimbi ya sauti tusiyoweza kuyasikia, na mwangwi wake ndio unaochora picha. Picha hiyo huonyesha unene wa kuta za moyo, ukubwa wa vyumba vyake, valvu zinavyofunguka na kufunga, na misuli inavyojikaza. EF ni sehemu ya damu ya chumba cha chini cha kushoto inayosukumwa nje kwa kila pigo. Asilimia 62 ni nzuri kabisa. Maana yake misuli ya moyo wa baba bado ina nguvu na haina kovu kubwa. Hiyo ni habari njema, tena itamsaidia katika matibabu yoyote yatakayofuata.

Lakini mishipa inayolisha misuli hiyo ina upana wa milimita chache tu, imejikunja juu ya moyo na inaruka nao kila unapopiga. Eko ya kawaida haioni ndani yake. Zaidi ya hapo, baba alipimwa akiwa amelala. Mshipa unaweza kubana nusu na zaidi, na mtu aliyetulia kitandani asipungukiwe na damu, kwa sababu mishipa midogo iliyo mbele ya pale palipobana hutanuka ili kufidia. Kwa mtu aliyepumzika, damu huanza kupungua pale ubanaji unapozidi asilimia 85 hivi. Kwa mtu anayefanya kazi, upungufu huanza mapema zaidi, mshipa ukibana kama nusu. Basi ECG yake, ile karatasi ya umeme wa moyo, na eko yake, zote zikiwa za mtu aliyelala, zinaweza kuwa safi na mishipa ikawa imebana vibaya. Swali la moyo wake ni nini kinatokea anapotembea, na hilo bado halijajibiwa.

Nasema hivi kwa kutamka wazi kwa sababu nimeona familia nyingi zikirudi nyumbani na karatasi ya "eko nzuri" zikidhani safari imeisha.

Tusiidharau eko hata kidogo, lakini. Kuna wagonjwa wengi hapa Kanda ya Kati ambao eko karibu inamaliza kazi yote ya uchunguzi: kijana ambaye valvu zake ziliharibiwa na homa iliyofuata maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa, mama aliyejifungua miezi michache iliyopita akaanza kuvimba miguu na kukosa pumzi akilala chali, mtu mwenye maji kwenye mfuko wa moyo kwa sababu ya kifua kikuu, mzee ambaye presha imefanya kuta za moyo wake kuwa nene. Hao wote eko inawaona vizuri, haina mionzi, haina sindano, na inaweza kurudiwa mara nyingi itakavyohitajika. Tangu Inge Edler na Hellmuth Hertz walipoitumia kwa mara ya kwanza kule Lund, Sweden, mwaka 1953, sijui kipimo kingine cha moyo kilichosaidia wagonjwa wengi kwa madhara madogo hivyo. Wakati mwingine, hasa kabla ya kutanua valvu iliyobana, hufanywa eko ya kumeza: kifaa chembamba hupitishwa kwenye umio, nyuma ya moyo kabisa, ili kuona kama kuna damu iliyoganda kwenye kipembe cha chumba cha juu cha kushoto. Hiyo haitoboi mtu ila inahitaji kufunga kula na dawa ya kutuliza.

Sasa tuje kwa mjomba. Ana hoja. Vipo vipimo visivyopitisha mrija ambavyo vinaweza kusema jambo kuhusu mishipa ya moyo, navyo ni vya namna mbili, ambazo watu huzichanganya.

Namna ya kwanza haitazami mshipa wenyewe. Inautia moyo kazini na kuangalia kama misuli inapungukiwa damu. Mtu hutembezwa kwenye mashine ya kukimbilia huku ECG ikirekodi, au hupewa dawa ya dobutamini inayoharakisha moyo kisha eko ikatazama ni ukuta upi unaochoka. Kuna pia picha za dawa yenye mionzi hafifu, technetiamu, inayokwenda pale damu inapofika, na kuna MRI ya moyo, picha za sumaku, ambayo haina mionzi na ndiyo bora kuliko zote kwa kuona kovu ndani ya misuli. Hizi mbili za mwisho hazipatikani kirahisi, sitawapotezea muda. Mashine ya kukimbilia ni ya bei nafuu lakini hukosea mara nyingi, hasa kwa wanawake, na kwa mzee ambaye kifua kinambana kwenye tambarare sioni itakayotuambia ambacho hatujui.

Namna ya pili ni CT ya mishipa ya moyo, ile aliyoisikia mjomba: picha za eksirei zinazopigwa na mashine inayomzunguka mtu. Dawa yenye ayodini huingizwa kwenye mshipa wa mkono kwa sindano ya kawaida, mtu anabana pumzi kwa sekunde kumi hivi, na mashine inachukua picha kati ya pigo na pigo. Kabla ya hapo mapigo hupunguzwa kwa dawa mpaka yawe chini ya 65 kwa dakika au karibu na hapo, kwani moyo unaokimbia huchafua picha. Huwekewa pia nitrogliserini chini ya ulimi ili mishipa itanuke. Hapo wanaume wawe wakweli: aliyemeza dawa ya nguvu za kiume siku moja au mbili zilizopita aseme, hata kama amekuja na binti yake, kwa sababu dawa hizo mbili zikikutana presha inaweza kuporomoka ghafla.

Jambo ambalo watu wengi hulipia pesa kabla ya kulijua ni kwamba si kila CT inayopiga picha ya kichwa au tumbo inaweza kupiga mishipa ya moyo. Inatakiwa mashine ya haraka, ya vipande 64 au zaidi kwa mzunguko, yenye programu ya kufuata mapigo ya ECG, na mtaalamu aliyefundishwa kuisoma. CT ya kifua ya kawaida haijibu swali hili. Ulizeni hivyo hivyo dirishani kabla hamjatoa kadi ya bima: "Mnapiga CT ya mishipa ya moyo, ile inayofuata mapigo?" Na mkiambiwa kuna kipimo cha bei rahisi cha kuhesabu chokaa kwenye mishipa bila dawa ya ayodini, mjue hicho ni cha kukadiria hatari kwa mtu asiye na dalili. Kwa mwenye maumivu kama baba hakitoshi, hata kikisoma sifuri.

CT nzuri ikisema mishipa ni safi, naiamini karibu kabisa. Hapo ndipo penye nguvu zake. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Ulaya uitwao DISCHARGE, wa watu zaidi ya 3,500 wenye maumivu ya kifua yasiyo ya dharura, nusu wakaanza na CT na nusu wakaanza na mrija. Baada ya miaka mitatu na nusu hivi, vifo, shambulio la moyo na kiharusi havikutofautiana kwa maana yoyote baina ya makundi hayo mawili, ila madhara makubwa yanayotokana na kipimo na taratibu zilizofuata yalikuwa asilimia 0.5 kwa walioanza na CT na 1.9 kwa walioanza na mrija. Kwa hiyo mjomba akisema watu wengi wenye maumivu ya kifua waanze na CT, mimi niko upande wake. Mama wa miaka 48 mwenye maumivu yasiyoeleweka vizuri, asiye na kisukari, ningemtuma CT leo.

Ila utafiti ule ulikuwa wa watu ambao uwezekano wao wa kuwa na ugonjwa ulikuwa wa kati. Baba yenu hayuko katikati. Ana dalili zote tatu za anjaina, zinaongezeka, na ana kisukari cha zaidi ya miaka kumi. Kisukari cha muda mrefu hujaza chokaa kwenye kuta za mishipa, na chokaa kwenye CT hung'aa na kuvimba kuliko ilivyo. Msomaji wa picha hubaki anaandika "kuna ubanaji, haiwezekani kupima kiasi". Hapo mtakuwa mmeshatumia dawa ya ayodini kwenye figo za mgonjwa wa kisukari, mmeshalipa, na mwisho wake mnaambiwa mrudi kwa mrija, mpate dawa ya ayodini kwa mara ya pili. Nikiwekwa kwenye kiti cha daktari aliyemwona, na kwa maelezo uliyonipa, ningeshauri kama yeye. Siioni biashara hapo.

Kuhusu hofu ya mama, nisingependa apuuzwe, kwa sababu wazo la kuingiza kitu moyoni linatisha kweli, na liliwatisha madaktari kabla yake. Mwaka 1929 daktari kijana wa Ujerumani, Werner Forssmann, alijiingizia mrija kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe mpaka moyoni, akatembea hadi chumba cha eksirei kupigwa picha ya ushahidi. Wakubwa zake hawakufurahi. Mwaka 1956 akashiriki Tuzo ya Nobel. Watu waliendelea kuamini kwamba kumwaga dawa ya picha ndani ya mshipa wa moyo wenyewe kungemuua mtu, mpaka mwaka 1958 huko Cleveland, Marekani, ambapo mrija wa daktari Mason Sones uliteleza ukaingia kwenye mshipa wa kulia wa mgonjwa na dawa ikamwagika humo. Moyo wa mgonjwa ulisimama sekunde chache, akaambiwa akohoe, ukarudi. Anjiografia ya moyo tunayoifanya leo, yaani kupiga picha mishipa ya moyo kwa mrija, ilianzia hapo.

Mwambieni mama kitakachofanyika, hatua kwa hatua. Baba atakuwa macho. Atalala kwenye kitanda chembamba, mkono wa kulia umenyooshwa kwenye ubao, kiganja kikiangalia juu. Kifundo kitasafishwa kwa dawa, kitafunikwa kwa shuka la kijani au bluu lenye tundu, kisha atachomwa sindano ndogo ya ganzi pale ambapo mtu hushika mapigo. Hiyo ndiyo sehemu inayouma. Bomba fupi, jembamba, la plastiki huingizwa kwenye mshipa, na kupitia humo hupelekwa kateta, yaani ule mrija wenyewe, yenye unene wa milimita 2 hivi, ikiongozwa na waya laini. Atapewa dawa ya kuzuia mshipa wa mkono kukakamaa na heparini ya kuzuia damu kuganda. Ndani ya mishipa hakuna hisia za maumivu, kwa hiyo hataisikia kateta ikipita begani wala kifuani. Na ncha yake husimama kwenye mlango wa mishipa ya moyo, pale inapochipuka kutoka mshipa mkuu wa damu. Mara nyingi haiingii hata ndani ya vyumba vya moyo. Dawa ikimwagwa atahisi joto likipita kifuani kwa sekunde kadhaa. Kwenye kioo pembeni mishipa itatokea nyeusi, kama mizizi, na palipobana pataonekana pamenywea. Daktari anaweza kuomba abane pumzi, au mashine izunguke kupiga kutoka upande mwingine.

Kwa kipimo peke yake, kwa kawaida ni nusu saa au pungufu. Baada ya hapo bomba hilo hutolewa na kifundo hufungwa mkanda wenye mfuko wa hewa, ambao hulegezwa kidogo kidogo kwa saa chache. Wengi huenda nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Asibebe ndoo kwa mkono huo kwa wiki moja. Zikibidi njia za pajani, kwa sababu mshipa wa mkono ni mwembamba mno au umepinda, atalala chali saa kadhaa na hatari ya kutoka damu ni kubwa kidogo. Mkiulizwa, ombeni mkono.

Hatari zipo na msifichwe. Kwa anjiografia ya uchunguzi, madhara makubwa yakiwemo kiharusi, shambulio la moyo na kutoka damu nyingi huwapata chini ya mtu 1 kati ya 100, na kifo chini ya mtu 1 kati ya 1,000. Michubuko ya kifundo ni ya kawaida na hupona. Mionzi ya kipimo hiki na ile ya CT ni kiasi cha mwaka mmoja hadi mitatu hivi ya mionzi ambayo kila mmoja wetu huipata kutoka ardhini na angani. Kwa mtu wa miaka 63 hilo lisiwe la kuamulia.

Linalonipa wasiwasi zaidi kwa baba ni figo. Kabla ya siku hiyo apimwe kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, na nendeni na majibu mkononi. Asiende akiwa mkavu: wengi wetu tukiambiwa "funga" tunafunga na maji tangu jana yake. Ulizeni muda kamili wa kuacha kula, na kama maji anaruhusiwa. Semeni kama anatumia metformini au insulini, kwa sababu dozi ya siku ya kufunga inatakiwa ibadilishwe na daktari, asiibadilishe mwenyewe. Semeni kama anameza diklofenaki kwa ajili ya mgongo, maana hizo huumiza figo. Semeni na dawa za miti shamba kama zipo. Hakuna atakayemgombeza.

Zamani mgonjwa wa Dodoma, Singida au Manyoni aliyehitaji kipimo hiki alipelekwa Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Sasa Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma ina mtambo huo. Kabla ya kupanga tarehe, mtu mmoja wa familia aende ofisi ya bima ya hospitali akaulize jambo moja mahususi: je, kadi ya baba inalipia kipimo tu, au na stenti, kile kijibomba cha wavu kinachoachwa ndani ya mshipa kuushikilia wazi, ikihitajika hapo hapo? Jibu lipatikane baba akiwa bado nyumbani, msije mkalitafuta akiwa juu ya kitanda.

Hapo nifike kwenye jambo ambalo, kwangu, ni kubwa kuliko CT na kateta. Amueni mapema nini kifanyike picha ikionyesha ugonjwa. Mshipa mmoja umebana sana na unaeleza maumivu yake, stenti papo hapo ni sawa. Lakini kwa mgonjwa wa kisukari mishipa huweza kuwa imebana miwili au mitatu, au mshipa mkuu wa kushoto. Utafiti uitwao FREEDOM, uliochapishwa 2012, ulifuatilia wagonjwa 1,900 wa kisukari wenye ubanaji wa mishipa zaidi ya mmoja, na waliofanyiwa upasuaji wa kuunganishiwa mishipa mipya walikufa wachache na kupata mashambulio machache ya moyo kuliko waliowekewa stenti, ingawa kiharusi kilikuwa zaidi upande wa upasuaji. Ikionekana hivyo, mwambieni daktari kwa heshima: "Tunaomba usimame hapo, mtuitie kikao na daktari wa upasuaji." Daktari mzuri hataudhika. Mara nyingi atakuwa wa kwanza kulisema.

Na palipobana nusu-nusu, usikubali macho peke yake yaamue. Kuna waya mwembamba wenye kipima presha unaopitishwa ng'ambo ya palipobana. Presha ya huko ikiwa imeshuka hadi 0.80 ya ile ya mwanzo wa mshipa, au chini yake, ubanaji huo unamnyima damu kweli. Ikiwa juu ya hapo, stenti mara nyingi haina faida. Ulizeni kama hospitali wanao waya huo.

Utafiti mwingine mkubwa, ISCHEMIA, wa watu 5,179, uliochapishwa 2020, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wa anjaina iliyotulia, kukimbilia mrija na stenti hakukupunguza vifo ukilinganisha na kuanza na dawa zilizopangwa vizuri. Kulipunguza maumivu. Kwa hiyo dawa zisisubiri kipimo. Kama baba bado hajaandikiwa aspirini, dawa ya kolesteroli kama atorvastatini, ya kupunguza kasi ya moyo na ya kuweka chini ya ulimi, rudini kliniki wiki hii hii mkaulize. Nasisitiza wiki hii kwa sababu ya yale matembezi ya kanisani.

Kifua kikimbana akiwa amekaa, au kisipoachia dakika chache baada ya kupumzika, au kikija na jasho la baridi, kutapika au kukosa pumzi, habari ya kuchagua kati ya CT na mrija imekwisha. Atafune aspirini ya miligramu 300 kama hana mzio nayo wala kidonda cha tumbo kinachotoa damu, na mtafute gari moja kwa moja hadi hospitali kubwa mjini, bila kuzunguka maduka ya dawa. Pale mapokezi semeni "maumivu ya kifua" kabla ya kusema jina. ECG inatakiwa ichukuliwe ndani ya dakika kumi. Mshipa ulioziba ghafla ukifunguliwa mapema misuli hupona, ukichelewa saa nyingi hugeuka kovu, na ile EF ya 62 haitarudi.

Siku ya kipimo ikiisha msiondoke na neno la mdomo tu. Ombeni ripoti iliyoandikwa jina la kila mshipa na kiasi ulivyobana, na CD ya picha zenyewe, kwa sababu ripoti ikisema asilimia 60, daktari wa pili atataka kuiona hiyo 60 kwa macho yake. CD wekeni nakala kwenye simu au kompyuta ya mmoja wenu siku hiyo hiyo. Na ikiwa baada ya kusoma haya baba mwenyewe bado hataki kutobolewa, hiyo ni haki yake. Mrudisheni kwa daktari wake akamwambie kwa mdomo wake, wapange CT na dawa.